Uchungu wa Mshale na Sumu ya Shambani

Wagiriama wa pwani ya Kenya huiita sumu ya mishale "utsungu", na mti itokako "mutsungu". Neno hilo ni ndugu wa "uchungu" wa Kiswahili, "ts" ikilingana na "ch" kama katika "tsini" na "chini". Ndani ya mti huo mna uabaini, iliyotengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888 na kupewa jina litokanalo na Kisomali, "waabaayo". Ikiingia damuni husimamisha moyo. Ikiliwa, matumbo hufyonza kidogo tu. Kwa hiyo wawindaji hukata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, wakaila iliyobaki.

Desturi hiyo haifai kwa sumu ya namna nyingine. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, ndege wamepata kunaswa kwa chambo chenye kabofurani, dawa ya kuua wadudu, kisha wakaliwa. Dawa hii hudhuru kwa njia ya kinywa, nayo huvuruga mishipa ya fahamu. Hapana jeraha la kukatwa. Mabaki yamo tumboni na mwilini mwa ndege. Kamusi ifasiriyo zote mbili kwa neno "sumu" tu, bila kutaja njia ziingiamo, humwacha mlaji na kinga isiyomkinga.