Kocha akishinda, tumnyamazie?

Ukitaka kuvuruga meza ya marafiki pale Woodvale Grove, Westlands, Jumamosi jioni kabla mechi za Uingereza zianze, huhitaji siasa. Taja Sébastien Migné na Jesse Were kwenye sentensi moja, kisha tulia ule nyama yako. 2019 imepita zamani, lakini kuna wasee hawajasamehe hadi leo.

Kama wakati huo ulikuwa bado shule ya msingi, stori ni hii. Migné, Mfaransa, alipewa Harambee Stars mwezi Mei 2018. Septemba hiyo hiyo tukaipiga Ghana 1-0 Kasarani. Oktoba tukailima Ethiopia 3-0. Sierra Leone nao wakafungiwa na FIFA, mechi zao zikafutwa, na kabla mwaka kuisha Kenya ilikuwa imefuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu Ghost Mulee aipeleke timu Tunisia 2004. Miaka 15! Wapo waliosema tumeingia kwa mlango wa nyuma. Waulize walikuwa wapi Ghana ilipolala Kasarani.

Halafu Mei 2019 orodha ya wachezaji ikatoka. Were hayumo. Huyu ni mshambulizi aliyewahi kuwa mfungaji bora wa ligi yetu akiwa Tusker, na wakati huo alikuwa anacheka na nyavu kule Zambia na Zesco United. Waliochaguliwa mbele walikuwa Michael Olunga, Masoud Juma na kijana John Avire wa Sofapaka.

Unajua jinsi ubishi ulivyoenda, kwa sababu pengine bado unaufanya hata leo, ukibadilisha majina tu. Upande mmoja: "Buda, wewe umewahi kufunza hata timu ya mtaa? Huyu amekupeleka AFCON, mwache afanye kazi." Upande wa pili: "Kama mtu anafunga kila wikendi na haitwi, basi orodha ina wenyewe."

Mimi sikubaliani na yeyote kati ya hawa wawili. Wa kwanza anataka ushindi wa jana uwe kinga ya uamuzi wa leo. Kuifunga Ghana kulithibitisha kwamba Migné alijua kupanga timu dhidi ya Ghana. Hakukuthibitisha kwamba Avire alikuwa tayari kuliko Were. Hayo ni maswali mawili, na la pili lilistahili jibu hata kama tungelikuwa mabingwa wa Afrika. Lakini wa pili naye hakosoi, anashtaki. "Orodha ina wenyewe" ni tuhuma nzito, na wengi walioitamka hawakuwa na ushahidi wowote zaidi ya hasira.

Sasa twende Misri, maana hapo ndipo wengi wanachanganya mambo. Tulipoteza 2-0 kwa Algeria. Tukawapiga majirani zetu Tanzania 3-2, Olunga mawili, Johanna Omolo moja, na usiku huo hakuna aliyemkumbuka Were. Kisha Senegal wakatufunga 3-0. Tukamaliza wa tatu kwenye kundi, pointi 3, tofauti ya mabao hasi nne. Afrika Kusini nao walikuwa na pointi 3, ila tofauti yao ilikuwa hasi moja. Wao wakaendelea, sisi tukapanda ndege.

Rahisi kusema: mabao yalikosekana, Were angeyaleta. Lakini angalia vizuri ile mechi ya Senegal. Kipa Patrick Matasi aliokoa penalti ya Sadio Mané kipindi cha kwanza, na saa nzima ilipita 0-0. Sare ingetupa pointi 4 na tungesonga mbele. Kilichobomoka ni ulinzi, na beki Brian Mandela alikuwa ameumia kambini Ufaransa kabla hata ya safari ya Misri. Kwa hivyo unaweza kusema Migné alikosea kumwacha Were na bado ukubali kwamba si Were aliyetutoa. Ukishindwa kushika yote mawili kwa pamoja, hukosoi kocha, unatafuta wa kulaumu.

Agosti hiyo Tanzania wakatutoa kwa penalti kwenye mchujo wa CHAN baada ya sare mbili za 0-0, na Migné akaondoka mwezi huo huo. Ghafla kila mtu alikuwa "amesema tangu mwanzo." Hata wale wa "mwache afanye kazi."

Wenzetu wa Arsenal, na Westlands wamejaa, wanalijua hili. Mikel Arteta alipomvua Aubameyang unahodha Desemba 2021, walibishana hadi bili ikaletwa. Leo wanakuambia ilikuwa akili tupu. Sawa, lakini huyo Aubameyang ndiye aliyetufunga Gabon walipokuja Nyayo Machi 2025, mabao yote mawili, tukalala 2-1. Miguu ilikuwa bado ipo. Arteta alikuwa na sababu nyingine, nidhamu, na hiyo ndiyo ilifaa kujadiliwa.

Sasa tuko na Benni McCarthy. Agosti 2025, kwenye CHAN, tuliifunga Morocco 1-0 tukiwa wachezaji kumi, tukaongoza kundi, tukafika robo fainali na kutolewa na Madagascar kwa penalti. Ukimkosoa wiki hiyo ulionekana msaliti. Novemba Senegal wakatutandika 8-0 Uturuki, na wale wale waliokuita msaliti wakataka afutwe kabla ya asubuhi. Alikuwa na kikosi tofauti, maana CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, pamoja na Uganda na Tanzania. Nafasi tunayo tayari kama wenyeji. Matokeo yoyote ya kabla ya hapo hayatatufungia nje, na kocha anaweza kufika siku ya kutaja kikosi bila mechi hata moja iliyomlazimu kujieleza. Atakayeachwa siku hiyo anacheza mahali fulani wikendi hii. Pengine Kasarani, pengine Zambia. Unamfuatilia?