Kalima kwa Siku Moja

Anayetaka kuiona nchi ya Warega, mashariki mwa Kongo, na kurudi mjini Kindu siku hiyo hiyo, avuke mto Lualaba kabla jua halijachomoza. Ng'ambo, pale Alunguli, vijana wa pikipiki wameshaamka na wanajua una haraka, basi patana bei kabla hujapanda. Mji wa Kalima uko kilomita 100 hivi mashariki. Mvua ikinyesha usiku, ahirisha.

Mbele ya safari nchi inaanza kuinuka, kilima nyuma ya kilima, msitu ukiibana njia. Si milima mirefu kama ya Kivu, ila mgongo wako utaihesabu yote. Tazama mapaa ya nyumba: majani mapana, yale tunayofungia chikwange, mkate wa muhogo, yamelazwa yakipandiana safu kwa safu. Mzee mmoja Mrega niliyepumzika barazani kwake aliniambia, "Mwanangu, hatukujifundisha wenyewe. Kakakuona ndiye aliyetuonyesha." Tazama magamba yake utaelewa. Kwa ajili hiyo mnyama huyo haliwi ovyo. Nyama yake ni jambo la wakubwa wa bwami.

Bwami ni chama cha ngazi. Chini kuna kongabulumbu, juu kabisa kindi, na kati yake miaka mingi. Mali inahitajika, na ndugu wa kuchangia pia, lakini mgomvi huachwa chini hata akiwa tajiri. Kule juu mwanamume hafiki peke yake: mkewe naye huingizwa, na mwanamke wa bunyamwa, ngazi ya juu ya wanawake, ni mtu wa kuheshimiwa hasa. Mafunzo yenyewe ni ngoma, methali na vitu: mdomo wa ndege, gamba la konokono, sanamu ndogo ya pembe. Kuna kinyago cha mti chenye ndevu za nyuzi, lukwakongo. Si lazima kivaliwe usoni. Hushikwa mkononi, hutundikwa uani, na kila kinapowekwa kuna methali yake. Leo kinafundisha hivi, kesho vingine.

Wabelgiji walikipiga chama hiki marufuku mwaka 1948. Vitu vyake vingi vimeishia Ulaya na Marekani. Vingine viko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na mwaka 2001 vingine vilifanyiwa maonyesho makubwa Los Angeles. Nimeona picha: kinyago nyuma ya kioo, kimemulikwa vizuri, hakuna anayekiimbia. Kwangu mimi hicho ni nusu ya kitu.

Kalima yenyewe ni mji wa bati. Kampuni ya Symétain iliujenga wakati wa ukoloni, mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa Sominki, kisha mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani na kazi zikaanza kufa. Leo wachimbaji wa mkono ndio wanaopekua vilima hivyo wakitafuta kasiterite, mawe yenye bati. Kula sombe sokoni, na saa nane mchana uwe umeshageuza.

Wageni wengi hupanda huku wakitaka kuonyeshwa vinyago. Nami nilimwomba yule mzee anionyeshe japo kimoja. Hakukasirika. Aliniuliza wajomba zangu ni akina nani, nani ndani ya bwami angenisimamia, na nyumbani kwetu tuna mbuzi wangapi. Nilipobaki kimya, akamwambia mjukuu wake aniongezee maji ya kunywa, tukaendelea kuzungumza habari za barabara.