Pikapu Kuukuu na Injini ya Dizeli: Istilahi za Gereji Zinazohitaji Uangalifu

Miongoni mwa kazi za gereji ipo moja inayozua istilahi nyingi kwa mkupuo mmoja, nayo ni kulifufua gari la zamani na kulitia injini ya aina nyingine. Tumeichagua kwa sababu mfasiri aliyepewa kitabu cha maelekezo, mwalimu wa ufundi, na karani ashughulikiaye usajili wa magari, wote hukutana na maneno yale yale, na kila mmoja aghalabu huyaelewa kwa namna yake.

Mfano wetu ni pikapu ya Land Rover ya inchi 109, toleo la Series IIA, lililoundwa tangu 1961 hadi 1971. Aghalabu gari hilo lilipatikana likiwa na injini ya petroli au ya dizeli yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286. Baadhi ya wenye pikapu hizo za petroli wameondoa injini ya asili na kufunga ya dizeli iitwayo 200Tdi, iliyoanza kutumika katika gari la Discovery mwaka 1989. Injini hiyo ina sentimita za ujazo 2,495, na kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na zile za zamani, huungana na giaboksi ya pikapu bila taabu kubwa.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Wengi husema “kutengeneza gari”, lakini kutengeneza ni kuunda na pia ni kurekebisha kilichoharibika. Kiwanda hutengeneza gari, na fundi aliye chini ya mwembe naye hutengeneza gari. “Ukarabati” ni bora zaidi, ila haudokezi kwamba gari limerudishwa katika sura yake ya awali. Kwa maana hiyo tunaona “kurejesha” linafaa, ilimradi lisitumiwe ovyo. Pikapu iliyonyooshwa bodi, ikachomelewa chesisi iliyoliwa na kutu na kupakwa rangi yake ya zamani imerejeshwa. Iliyotiwa injini ambayo haikuwako wakati gari linaundwa imerejeshwa bodi tu. Injini yake imebadilishwa. Hata hapo pana tofauti ya kuzingatia. Kubadilisha injini kwaweza kuwa kuweka petroli mahali pa petroli. Pale ambapo aina ya injini nayo inabadilika, tunapendekeza kusema gari “limegeuzwa kuwa la dizeli”. Kadi ya usajili hutaja namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Katika hali ya kwanza namba ndiyo isiyolingana tena na gari, katika ya pili huenda yote matatu yasilingane. Karani akiandikiwa “injini imebadilishwa” peke yake hawezi kujua ni ipi.

Neno linaloleta hatari kuliko yote katika uwanja huu ni “mafuta”. Tunayapikia, tunajipaka, tunayatia katika taa, na tunayaweka katika gari mara mbili: yale yanayowaka na yale yanayolainisha. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika maandishi hautuokoi daima. Kibandiko kwenye mdomo wa tangi la pikapu iliyogeuzwa kikisema “Mafuta tu”, kimesema nini? Dereva aliyelizoea gari hilo kwa miaka mingi ataweka petroli kama kawaida yake. Dizeli huilainisha pampu inayoisukuma. Petroli ni nyepesi na haina ulainisho huo, hivyo vyuma vya pampu husagana na kuharibika, na pampu hiyo ni kifaa cha gharama kubwa. Kwa hiyo mwandishi hana budi kutaja petroli, dizeli na oili kila moja kwa jina lake. Wapo waandikao “fueli” kwa maana ya jumla ya kile kinachochomwa. Hatulikatai, hasa katika vitabu vya sayansi, lakini kwenye kibandiko cha tangi neno la jumla halina kazi.

“Plagi” nayo yataka kugawanywa. Injini ya petroli huwasha kwa cheche: koili hukuza nguvu ya umeme, distribyuta huigawa, na plagi huirusha ndani ya silinda. Injini ya dizeli haina mpango huo. Hewa hugandamizwa mpaka ikapata joto la nyuzi za Selsiasi zaidi ya 500, ndipo nozeli inyunyizapo dizeli, nayo huwaka yenyewe. Uwiano wa mgandamizo katika injini ya petroli ya pikapu hii ulikuwa 7 au 8 kwa 1, kulingana na toleo. Katika 200Tdi ni 19.5 kwa 1. Hata hivyo 200Tdi ina plagi nne, ambazo kazi yake ni kupasha joto chumba cha mwako injini ikiwa baridi. Tuziite “plagi za joto”, na zile za petroli “plagi za cheche”. Mwanafunzi aliyeambiwa “dizeli haina plagi”, kisha akaziona kwa macho yake, atamtilia shaka mwalimu, na atakuwa na haki.

Injini ya petroli, kwa sababu ina kabureta yenye kilango kinachozuia hewa, huvuta ombwe katika njia ya kuingizia hewa, na ombwe hilo ndilo linaloendesha kisaidizi cha breki katika magari yenye kifaa hicho. Injini ya dizeli haina kilango cha namna hiyo, kwa hiyo ni lazima ifungiwe “pampu ya ombwe”. Mfasiri asishawishike kuandika “pampu ya upepo”. Upepo wa gereji ni ule unaojazwa katika matairi. Pampu hii huondoa hewa, haijazi.

Kuna mitego miwili ya kufuata Kiingereza mno. Dizeli ikiisha tangini, hewa huingia katika mabomba na injini haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe. Waingereza hutumia hapo kitenzi kile kile cha kutokwa damu, na mfasiri mwenye haraka anaweza kuimwaga damu gerejini bure. Sisi tunasema “kutoa hewa”, basi. Mtego wa pili ni “kunoki”. Asili yake ni neno la kugonga, na injini ya dizeli hugonga kwa maumbile yake, hasa ikiwa baridi. Lakini katika Kiswahili cha mafundi, injini iliyonoki ni injini iliyoharibika. Mwenye gari akisoma kwamba injini yake mpya “hunoki asubuhi” ataidai fedha yake. Iandikwe kwamba “hugonga”.

Mwisho ni difu. Ile ya asili ina uwiano wa 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 gurudumu lizungukapo mara moja. Kwa kuwa 200Tdi ina nguvu zaidi, mafundi wengi huweka difu ya 3.54 kutoka Range Rover au Discovery, ili gari liende mwendo ule ule kwa mizunguko michache ya injini. Kiingereza huiita difu hii “ya juu”, ingawa namba yake ni ndogo. Kiswahili kikiiga, msomaji ataenda dukani kutafuta namba inayozidi 4.7. Itajwe namba yenyewe. Aidha, saa ya mwendo ya pikapu hii huendeshwa na giaboksi, haina habari za difu. Tairi zikiwa za kipimo kile kile, sindano ikionyesha kilomita 60 kwa saa gari huwa linakwenda karibu 80, na maelekezo yasiyolitaja jambo hilo hayajakamilika, hata kama kila istilahi iliyomo ni sanifu.