Baridi ya Meru Haitoshi

Nimeonja joto la Ubungo, Dar es Salaam, ambako mitambo ya Songas ilianza kuchoma gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Joto likifika nyuzi 32, turbaini huchoka, na sisi mafundi pia: hewa ya moto ni nyepesi, nayo turbaini huishi kwa hewa. Nguvu iliyoandikwa kiwandani ni ya nyuzijoto 15, usawa wa bahari. Turbaini ndogo hupoteza karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi inayozidi.

Basi turbaini zifungwe Arusha, ambako Julai tunavaa makoti? Taratibu. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi. Mwinuko huo peke yake hupunguza hewa kwa takriban asilimia 15, na baridi ya Mlima Meru hairudishi yote. Mnunuzi, dai hesabu ya Arusha, si ya katalogi.