Kabla Hujafunga Trela ya Maji Nyuma ya Pikapu

Kiangazi kikishika Machakos, biashara ya maji hunoga. Mwenye kisima huanza kuulizia trela yenye tangi, kisha humwendea fundi na swali moja: "Pikapu yangu itavuta?" Fundi hutazama injini, huitikia kwa kichwa, na mambo huishia hapo. Mara nyingi fundi hakukosea, maana pikapu yoyote yenye injini nzima ya dizeli itaing'oa trela hiyo ilipo. Ila mteja alipaswa kuuliza pia kama gari lake litaweza kuizuia.

Tuanze na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Ongeza tangi lenyewe, chesisi, ekseli na pampu, tuseme kilo 600, na tayari una kilo 2,600. Pikapu ya milango minne kama Toyota Hilux au Isuzu D-Max, ikiwa tupu, ina takriban tani 2. Trela imeshalizidi uzito gari linaloivuta.

Muuzaji atakuonyesha kitabu cha gari kilichoandikwa kilo 3,500. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti. Kwanza, ni ya trela yenye breki zake yenyewe. Isiyo na breki huruhusiwa kilo 750 tu kwa pikapu nyingi. Pili, kwa vipimo vya Ulaya, uwezo wa kuvuta huthibitishwa kwa kuliondoa gari na trela yake mara 5 ndani ya dakika 5 kwenye mlima wa asilimia 12. Huo ni mtihani wa kuondoka. Ndiyo maana Uingereza, ambako watu huvuta karavani kubwa kwenda likizo, wanaoanza hushauriwa trela isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa pikapu ya tani 2, hiyo ni kilo 1,700.

Kisha kuna mwinuko. Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 inasifiwa kwa uvumilivu, na inastahili sifa hizo, lakini haina turbo. Ukiijaribu Mombasa kisha ukaileta Iveti, hapa Machakos, itakuwa imepungukiwa na karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Injini ya turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Magari madogo ya mitumba yenye gia za CVT tuyaache kabisa: gia hizo huchemka upesi na hazikuundwa kwa mzigo huu.

Mtihani mkubwa uko kwenye kushuka. Gari na trela vyenye jumla ya tani 4.6 vikishuka mita 300 za wima, nishati inayotolewa inatosha kuchemsha lita 40 za maji baridi. Joto hilo lazima ligawanywe kati ya breki, injini na upepo. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzibebesha karibu joto lote hilo, na zikichemka kupita kiasi, kanyagio huzama bila gari kupunguza mwendo. Gia ya chini huchaguliwa kabla mteremko haujaanza, wala macho peke yake hayatoshi kuupima. Pale Kyamwilu, kwenye barabara ya Mutituni, wageni huweka gari nyutro wakashangaa likipanda kilima cha Kituluni lenyewe. Wanafizikia hueleza vilima vya aina hiyo kuwa kiinimacho: umbo la milima ya jirani hufanya mteremko uonekane mpando.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni uzito unaokaa juu ya ndoano ya gari. Unatakiwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa trela; kwa kilo 2,600, ni kilo 130 hadi 260. Ukipungua, trela huanza kuyumba kushoto na kulia. Ukizidi, mkia wa gari huzama, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, usukani huwa mwepesi, na usiku taa humulika matawi ya miti. Kuupima ni rahisi: azima mizani ya magunia kwenye duka la nafaka, simamisha trela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha egemeza pua ya trela kwenye mizani kwa gongo la urefu wa ndoano. Kumbuka kilo hizo zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari, pamoja na abiria na mitungi uliyopakia nyuma.

Maji yana tabia yake pia. Tangi lililojaa nusu husumbua kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbilia mbele ukifunga breki na pembeni ukikata kona. Dai tangi lenye kuta za ndani zenye matundu. Anayevuta karavani ya kulala au trela ya jiko la sherehe hana shida hiyo, ila ana upepo: kwenye nyanda za Lukenya, lori likikupita kwa kasi hewa yake huusukuma ukuta mrefu wa trela, na gari jepesi huhisi limevutwa mkia.

Basi ununue gani? Kwa lita 1,000, pikapu ya milango minne yenye turbo, na trela yenye breki zake, inatosha. Lita 2,000 ziko ndani ya kibali cha kitabu lakini nje ya ushauri wa asilimia 85; ziachie dereva mzoefu, barabara nzuri na mwendo wa pole. Kwa lita 3,000 kwenda juu, sahau trela. Tafuta lori dogo la aina ya Canter linaloruhusiwa mzigo huo na ufunge tangi mgongoni mwake, ambako uzito wa maji hukandamiza magurudumu yanayofunga breki badala ya kuyasukuma kutoka nyuma. Utaepuka pia usajili wa pili, kwa kuwa trela nchini Kenya hubeba namba yake inayoanza na Z. Na kama pikapu unayo tayari na fedha za lori hazipo, beba lita 1,000 na urudi kisimani mara mbili.