Deni Haliishi Ndani ya Laini

"Wakili, nikivunja laini, deni si limekufa?"

Halijafa. Swali hili nimelijibu Base Camp na Juru, humu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimelijibu ndani ya teksi ya kutoka Isingiro kwenda Mbarara, na bado wiki haipiti bila mtu kunijia nalo upya. Wengine hata hawaulizi. Wanakuja laini wameshaing'ata kwa meno na kuitupa nyuma ya kibanda cha chapati, wanataka niwaambie tu kwamba wamefanya vizuri.

Kwanza tujue tunazungumzia deni gani. Hapa Nakivale kadi ya mkopo ya benki si shida yetu. Madeni yetu ni ya simu, kama MoKash ya MTN na Wewole ya Airtel. Ni ya taasisi za mikopo midogo, kama UGAFODE iliyofungua tawi ndani ya kambi mwaka 2020. Ni ya likelemba, mchango wa kupokezana. Na ni ya yule bwana wa Mbarara mwenye ofisi ya chumba kimoja na daftari la jalada jeusi. Deni likichelewa, anayekupigia simu usiku mara nyingi si aliyekukopesha. Ni wakala wa kukusanya madeni, na analipwa kadiri anavyokukamua, ndiyo maana ana haraka na hana adabu.

Turudi kwenye laini. Uganda hii laini haisajiliwi bila kitambulisho. Mwananchi hutumia kitambulisho cha taifa. Mkimbizi, tangu agizo la Tume ya Mawasiliano la mwaka 2019, hutumia kitambulisho chake cha ukimbizi au hati ya familia iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Ulipobonyeza kukubali mkopo, aliyekopa ni mwenye karatasi hiyo, siyo kile kipande cha plastiki. Kesho ukinunua laini nyingine utaisajili kwa karatasi ileile. Umejificha wapi sasa? Na mikopo ya benki na ya taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu hupelekwa CRB, ofisi zinazotunza taarifa za wakopaji, ambako jina lako linakaa hata kama simu umeizika.

"Lakini fulani alivunja, na hakuna aliyemtafuta." Fulani alikopa elfu hamsini. Wakala kutoka Mbarara mpaka Rubondo humu kambini angekula nauli na chakula zaidi ya deni lenyewe, akaamua kumwacha. Siku fulani atakapoomba milioni mbili za mtaji wa vitenge ndipo atakapolikuta deni lake linamngoja mezani kwa afisa mikopo. Na mjini wapo wanaouza dawa ya hilo pia: wape pesa "wasafishe jina" CRB. Ni matapeli. Taarifa hiyo hurekebishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, baada ya kulipwa au kuonyeshwa kwamba alikosea.

Kinachonikera zaidi ni kwamba anayevunja laini anatupa ushahidi wake mwenyewe. Tuchukue mkopo wa shilingi 200,000 kwa ada ya asilimia 9: unadaiwa 218,000. Umelipa kidogo kidogo hadi 120,000, biashara ikafa, ukanyamaza. Miezi inapita, wakala anakuja na 390,000. Ungekuwa na laini, ungeomba taarifa ya miamala, ukaweka kidole kwenye kila malipo na tarehe yake, ukamwuliza hizi nyingine zimetoka wapi. Taarifa hiyo hupewa mwenye laini. Usipokuwa nayo, ni neno lako dhidi ya karatasi yake, na hakimu husoma karatasi. Tena namba iliyolala muda mrefu kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Huyo ndiye atakayetukanwa kwa deni asilolijua, na huenda ndiye atakayepokea hela aliyokutumia dada yako kutoka Australia.

Kuna baya kuliko hilo. Kabla ya 2019 wakimbizi wengi walisajiliwa laini na wenyeji, kwa wema au kwa elfu tano, na laini nyingine ziko hivyo mpaka leo. Ukikopa kwa laini hiyo kisha ukaivunja, anayefuatwa ni jirani yako wa Rugaaga mwenye kitambulisho. Kama ulikopa kwa jina lake bila yeye kujua, hapo tumeshatoka kwenye madai ya kawaida. Hiyo yaweza kuwa jinai, na mimi siyo mtu wa kukuambia usiogope.

Mwenye deni la kawaida ndiye namwambia asiogope. Ujumbe unajulikana: "Lipa kabla ya saa sita, la sivyo tunakuja na polisi." Kushindwa kulipa mkopo ni madai, na polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya watu. Wa kukulazimisha ni mahakama, baada ya kesi na hukumu, na anayekuja kuchukua mali lazima awe dalali wa mahakama mwenye hati mkononi. Hata huyo, sheria haimruhusu kubeba nguo zenu, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, wala vifaa vya fundi.

Halafu kuna kitisho cha hapa kwetu: "Tutawaandikia UNHCR, safari yako ya Marekani ifutwe." Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025 kwa amri ya rais wao, haikungoja barua ya wakala wa madeni wa Mbarara. Najua waliokopa wakihesabu ndege, wakauza magodoro, sasa wamebaki na deni bila ndege. Hao wanahitaji mpango wa malipo, hawahitaji kutishwa.

Sasa cha kufanya, na nitakwenda haraka. Omba mkataba na hesabu ya deni kwa maandishi. Mkopeshaji binafsi mwulize leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji hao. Huisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ya mwaka jana iliyotundikwa ukutani ni pambo. Riba ya wakopeshaji hao serikali iliiwekea kikomo mwaka 2024, asilimia 2.8 kwa mwezi. Kama ameshika kitambulisho chako, kadi ya ATM au namba ya siri, kanuni za 2018 zimemkataza, dai urudishiwe. Akiwapigia watu wote walio kwenye simu yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019 inakupa pa kulalamika. Pendekeza kiasi unachokiweza kila mwezi, kwa maandishi, na ulipe kwenye akaunti ya mkopeshaji, kamwe usimtumie wakala kwenye namba yake. Samansi ikija, nenda. Madai yasiyozidi milioni 10 yana utaratibu wa madai madogo usioruhusu mawakili, kwa hiyo mkopeshaji pia atasimama peke yake. Deni la mkataba haliburuzwi mahakamani baada ya miaka 6, lakini ukilipa hata elfu moja au ukakiri kwa maandishi, hesabu inaanza upya. Msaada wa bure upo Refugee Law Project, Mbarara. Na ndugu walioko Ohio au Texas wanaofuatwa kwa deni la kadi: sheria ya Marekani ya 1977 inakataza wakala kupiga simu kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na ukimwandikia ndani ya siku 30 tangu upate taarifa yake ya deni, lazima alithibitishe deni kabla ya kuendelea kukudai.

Aliyekwisha kuvunja laini iliyo kwa jina lake aende duka la kampuni yake ya simu na kitambulisho alichosajilia, aombe namba ileile irudishwe kwenye laini mpya kabla haijauzwa. Abebe na simu ya zamani hata kama kioo kimepasuka, kwa sababu ujumbe mwingi wa malipo unakaa humo.