Jiko la Mafuta ya Taa Linapotoa Masizi

Miezi ya Juni na Julai huleta baridi katika Nyanda za Juu Kusini, na mkazi wa Ilula, mkoani Iringa, hushawishika kufunga madirisha mapema. Jiko la tambi likiwashwa katika chumba kilichofungwa, hitilafu ndogo yaweza kudhuru uhai.

Ndugu msomaji, anza kwa kutazama mwali. Mwali wa buluu huonyesha kwamba mafuta yanaungua barabara. Mwali wa manjano wenye masizi ni dalili kwamba oksijeni haitoshi: tambi zimepandishwa mno, hazilingani, au matundu ya hewa yameziba. Zima jiko, lipoe, kata ncha zilizoungua zilingane, kisha safisha matundu hayo.

Mwali ukiwa dhaifu ilhali mafuta yapo, huenda tambi zimekuwa fupi au zimegandamana masizi, zibadilishe. Ukisikia mlio wa kutatarika, yamkini maji yameingia katika mafuta. Yamimine chomboni yatulie. Maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, yatakaa chini.

Mafuta yakinuka petroli, usiyatumie kabisa, kwani mvuke wake hulipuka upesi. Wala usiongeze mafuta jiko likiwaka.

Zaidi ya hayo, mafuta yasipoungua barabara huzaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kikiuma au ukiona kizunguzungu, toka nje mara moja. Usilale jiko likiwaka. Na liwakapo, acha dirisha wazi, ijapokuwa baridi itaingia.